Nduma za Kidimbwi cha Kiplombe

Dada Warigia,

Tafadhali, kabla hujageuza ukurasa huu, funga mlango. Usimsomee mtu hata sentensi moja, hata kwa simu, hata kwa kicheko. Zaidi ya yote usimwonyeshe kaka yako. Ukiona huwezi kunyamaza, mrudishie Mukhwana, aliyekupa getini, kurasa hizi bila kuzisoma, nami sitakulaumu. Tulionana mara moja tu, siku ya sala, na labda unanikumbuka kama yule karani aliyeharibu chakula. Shajara hii niliiandika kwa ajili yangu, kwa sababu kuandika hunituliza. Sikubadilisha kitu. Nimeacha hata pale nilipowasema vibaya watu wa nyumba yenu. Inamhusu mama yako, na ni siri yake kabla ya kuwa yangu. Naomba uibebe kama anayebeba maziwa ya moto.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua bado. Vumbi limeingia mpaka kwenye chai.

Leo Mzee Wachira aliniita nyuma ya kaunta. Tangu Januari nimekuwa karani katika duka lake la vifaa vya ujenzi, kwa majaribio ya nusu mwaka, na kila akiniita nahisi ndiyo siku ya kuambiwa nisirudi. Nimeshapoteza kazi mbili kabla ya hii, zote bila kosa ninaloweza kulitaja.

"Nanzala, wewe si ulisomea mimea chuoni?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na hapa unaandika misumari."

Sikujua kama hilo ni swali, nikafunga daftari.

"Nimechimbiwa kidimbwi nyuma ya nyumba, kule Kiplombe. Mama Janice anataka kiwe na majani na maua, kitu cha wageni kutazama. Mwezi wa sita tuna sala ya kubariki nyumba. Utachagua mimea. Ukinifanyia hiyo vizuri, mambo ya kukuthibitisha kazi hayatakuwa marefu."

Nikasema ndiyo, Mzee. Sikumwambia kwamba utafiti wangu chuoni ulihusu ugonjwa wa kutu kwenye mahindi, na kwamba sijawahi kupanda kitu chochote majini.

Alhamisi, 3 Aprili

Ninachohofia: mtoto wa jirani kutumbukia. Mbu. Vyura kupiga kelele wakati wa sala. Mizizi kutoboa nailoni ya chini. Mimea kukauka yote wiki ya sala, nami nimesimama hapo na digrii yangu.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimekiona. Kina umbo la haragwe, kimetandikwa nailoni nyeusi, na ukingo wote ni tope tupu. Aliyekichimba anaitwa Mukhwana, mtu wa kwetu Bungoma, anakaa mtaa wa Langas kama mimi. Alikuwa ameegemea jembe.

"Kwa hivyo wewe ndiye daktari wa majani."

"Mimi ni karani."

"Karani wa majani, basi. Mimi shimo hili nilichimba nikijua ni la choo. Siku ya mwisho ndio naambiwa ni la kutazama."

Sikumpenda. Anacheka kabla hujamaliza kuongea.

Mama Janice, mke wa Mzee, alitoka na simu mkononi, akanionyesha picha ya maua ya zambarau yanayoelea, aliyopiga kule ziwani Kisumu. Anayataka hayo. Ni gugumaji. Nilisikia sauti yangu ikisema, "Hapana, Mama. Hilo likiingia hapa, mvua ikijaza, litatoka na maji mpaka kwenye bwawa la ng'ombe pale chini, na halitaisha." Alitazama tena ile picha. Kisha akasema, "Haya. Chagua lako basi, tuone."

Nimechagua hivi: mayungiyungi meupe katikati, mafunjo machache upande wa ukuta, na kwenye ukingo wote, nduma, yaani magimbi. Nduma zinashika tope, jani lake ni zuri kuliko maua mengi, na Mukhwana anajua mahali pa kupata zilizokomaa, kwenye majimaji chini ya Langas.

"Nduma?" Mama Janice alisema. "Kwa kidimbwi cha wageni? Kesho utaniletea sukuma wiki."

Basi tukakubaliana nusu kwa nusu. Nusu ya ukingo nduma, nusu masikio ya tembo, yale ya mapambo, kutoka kwa wauzaji wa miche barabarani. Yana majani kama ya nduma lakini makubwa na yanayong'aa. Nimeyapanga yachanganyike, moja nduma, moja sikio la tembo. Kwenye mchoro niliandika: majani yafanane, macho yapumzike. Niliipenda sentensi hiyo.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua imeanza. Usiku kucha juu ya mabati.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Kanisani niliombea kidimbwi. Nimeona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi, 26 Aprili

Tumepanda. Masikio ya tembo yalikuja makubwa, na viazi vyake chini kama ngumi ya mtu mzima. Nilimwambia Mukhwana anawe mikono, utomvu wake unawasha vibaya, na hicho kiazi mtu akikila koo linaweza kuvimba mpaka ashindwe kupumua.

"Na nduma mbichi pia huwasha," akasema.

"Ya nduma huisha ukiipika vizuri. Hii usiiamini hata ikipikwa."

"Sasa nani atakula maua ya boss?"

Nilicheka pamoja naye. Kweli, nani?

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Yungiyungi moja limeshika.

Jumatatu, 5 Mei

Mzee amemleta mama yake kutoka Kangema. Aliniambia mwenyewe, na sijawahi kumsikia akiongea hivyo. Baba yake alianguka peke yake ndani ya nyumba kule nyumbani na hakuna aliyejua mpaka jioni, Mzee alipopigiwa simu kwamba amefariki. "Sitangoja simu kama ile mara ya pili," akasema. "Mama atakaa hapa. Hataki, lakini atakaa." Kisha akaniuliza kama mabati ya geji thelathini yamefika, kwa sauti yake ya kawaida.

Nilikuwa nimemdhania ni mtu wa misumari tu.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekutana na mama yake Mzee, ambaye wote humwita Shosho, yaani nyanya. Mwanamke mwenye umbo dogo, mnyoofu, kitambaa kichwani kimefungwa kwa nguvu. Alikuwa amewekewa kiti kando ya kidimbwi.

"Ni nani huyu?"

"Ni Nanzala wa ofisini," Mama Janice akasema. "Ndiye alichagua hii mimea."

"Wa Bungoma?"

"Ndiyo, Shosho."

"Watu wa kuku."

"Watu wa kuku, Shosho." Ndivyo tunavyotaniwa, kwa kupenda nyama ya kuku.

"Basi tutaelewana. Mimi ni mtu wa nduma." Akavuta hewa puani kama anayenusa mkate. "Nyumba yote hii ya vigae, na kitu cha maana ni hizi nduma peke yake. Nani alizipanda?"

Mukhwana akanionyesha kwa kidole, kama anayemshtaki mwizi. Shosho akashika mkono wangu na kuutikisa sana. Akasema siku ya sala wageni hawatakula wali peke yake, watakula nduma zilizotoka kwenye boma la mwanawe, na atazichimba mwenyewe kwa mkono wake.

Nilikuwa nimesahau kwamba nduma si ua. Mtu wa Kangema hawezi kutazama nduma bila kuona sufuria. Na nimezipanda zikiwa zimebanana na kitu kinachofanana nazo kama ndugu.

Nilimweleza haraka. Jani la nduma hulala likitazama chini, na kikonyo chake hushika ndani ya jani, si pembeni. Sikio la tembo hutazama juu, na kikonyo hushika pale jani lilipopasuka.

"Mtoto," akasema, "mimi nilizaliwa katikati ya nduma. Utanifundisha?"

Wote wakacheka. Nami pia.

Jumanne, 13 Mei

Nilimpigia Mama Janice, nikamwomba tung'oe masikio ya tembo. Akasema ndiyo mazuri kuliko yote, na kwani si mimi niliyachagua. Halafu akasema wageni ni watu wazima, hawatakula bustani. Nikasema ndiyo, Mama, kwa kuogopa kuonekana mjinga aliyepanda sumu.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua ya mawe. Majani mawili yametoboka. Mengine yako salama.

Jumamosi, 24 Mei

Nimefunga mlango kabla ya kuandika haya.

Mama Janice na Mukhwana walikuwa wamekwenda mjini. Nilikuwa nikitoa majani yaliyooza majini, Shosho kwenye kiti chake. Ghafla akasema, "Nanzala, toa huyo kuku. Atakufa."

"Kuku gani, Shosho?"

"Huyo mweupe ameanguka majini. Huoni?"

Nilitazama. Yungiyungi la kwanza lilikuwa limechanua katikati ya kidimbwi, jeupe kabisa. Nikacheka, nikijua ananitania kwa sababu mimi ni mtu wa kuku. Nikageuka nicheke naye. Uso wake haukuwa na utani. Alikuwa ameinama mbele, mkono umenyooshwa, anamwonea kuku huruma.

Nilipomwambia ni ua, alishusha mkono. Kisha akaniita nikae chini karibu naye.

"Naona mwanga," akasema. "Naona mtu ni mtu. Uso wake sioni. Jicho hili limekuwa kama dirisha la bafu tangu mwaka jana, na hili lingine linalifuata."

"Mzee anajua?"

"Wachira akijua, mimi Kangema nitaisikia kwa simu peke yake. Atanifungia hapa na msichana wa kunishika mkono nikienda chooni. Nina shamba. Nina kaburi la mzee wangu pale nje ya mlango. Nina nduma mtoni. Hapa nina nini? Nina kiti."

Nikamwambia kuna madaktari. Akasema jirani yake alipelekwa kwa madaktari akarudi haoni kabisa, na kwamba kinachoonekana kidogo ni chake, hatampa mtu akichezee.

Kisha akanishika kifundo cha mkono. Ana nguvu. "Niahidi hutamwambia."

Ningeweza kusema ngoja nifikirie. Badala yake nikasema kile ninachokisema kila siku kwa kila mtu: "Ndiyo, Shosho."

Nikamuuliza, karibu nilie, atazichimbaje hizo nduma kama haoni. Akasema vidole vyake vinaona. Alinyoosha mkono, akapapasa jani, akafuata kikonyo, akasema, "Nduma." Akashika la pili: "Nduma." Akashika la tatu, akasita, akasema, "Hili sijui." La tatu lilikuwa sikio la tembo. La pili pia lilikuwa sikio la tembo.

Jumapili, 25 Mei

Sikulala. Nikimwambia Mzee, namwondolea mama wa watu nyumba yake, na ataniona mimi ndiye niliyemfunga. Nisipomwambia, siku ya sala mtu atameza kile kiazi. Nikiyang'oa masikio ya tembo mwenyewe, Mama Janice atauliza kwa nini, nami sijui kudanganya vizuri.

Jumatano, 28 Mei

Nimepata njia. Kamba ya katani.

Jumamosi, 31 Mei

Nimefunga kamba ya katani kwenye kila shina la sikio la tembo, chini kabisa, juu kidogo ya tope. Nikamshika Shosho vidole, tukazunguka kidimbwi chote. Kwenye kamba, acha. Pasipo na kamba, chimba. Alijaribu peke yake bila kukosea hata mara moja. Alifurahi kama msichana.

"Sasa hata usiku naweza," akasema.

Mukhwana aliuliza kamba za nini. Nikasema ni za kunyoosha mimea. Akanitazama, halafu akamtazama Shosho, halafu akaendelea kulima. Kwa mara ya kwanza hakucheka. Nadhani nilimkosea kumwona mtu wa mzaha tu.

Ijumaa, 6 Juni

Mvua. Kidimbwi kimejaa mpaka ukingoni lakini hakijamwagika. Mzee alipita akasema, "Kazi nzuri, Nanzala." Ningeweza kuishi juu ya maneno hayo mwezi mzima.

Ijumaa, 13 Juni

Kesho. Nimepiga pasi rinda la bluu. Mvua inanyesha tangu mchana na ninaogopa bila kujua ninaogopa nini. Kila kitu kiko sawa.

Jumamosi, 14 Juni

Nitaandika yote kwa utaratibu, ili nisije nikayageuza baadaye.

Nilifika asubuhi. Hema lilikuwa limesimamishwa, akina mama wa kanisa wako jikoni nje, sufuria tatu motoni. Nilikwenda moja kwa moja kidimbwini. Kilikuwa kimesafishwa, kinapendeza kuliko picha. Nilitazama chini ya mashina. Kamba hazikuwepo. Hata moja.

"Nilizikata jana," Mama Janice akasema nyuma yangu. Alikuwa amevaa vizuri na alikuwa na furaha. "Zilikuwa kama kamba za mbuzi. Pasta atabariki kidimbwi, sasa apige picha na kamba?"

Na pale, kati ya masikio ya tembo, kulikuwa na mashimo mapya. Kati ya nduma pia. Tope lilikuwa limekanyagwa na mguu mdogo.

Nilimkuta Shosho ameketi nyuma ya jikoni akifuta mikono kwa kitenge. Ameshachimba, ameshamenya, ameshapika.

"Shosho, ulipapasa kamba?"

"Nilipapasa. Hakuna mahali niligusa kamba. Nilisema leo Mungu amenipa nduma peke yake."

"Kamba zilikatwa, Shosho. Zote."

Aliacha kufuta mikono. Nikamuuliza kama mikono inamwasha. Akasema nduma huwasha kila siku. Kisha akaelewa, nikaona akielewa, na akanishika kifundo cha mkono pale pale alipokishika siku ile.

"Uliniahidi," akasema kwa sauti ya chini.

"Shosho, kuna watoto kwenye hema."

"Najua kuna watoto." Macho yake yalijaa maji. "Fanya kitu. Lakini uliniahidi."

Sufuria ya nduma haikuwa tena motoni. Niligeuka nikaona akina mama wawili wameishika kwa masikio yake wakiipeleka hemani, na Mzee mwenyewe mbele yao, akitangaza: "Kabla ya wali, kila mtu ataonja nduma za mama yangu. Zimetoka hapa hapa. Amezichimba kwa mkono wake." Watu wakapiga makofi. Pasta akainua mkono abariki chakula.

Mimi ambaye siwezi kumwita mhudumu hotelini, nilitembea katikati ya viti mpaka mbele.

"Msizile," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikasema tena, na safari hii sauti ilitoka kubwa kupita kiasi.

"Msizile. Jana niliweka dawa kidimbwini. Ya kuua mabuu ya mbu. Sikumwambia mtu. Imeingia kwenye nduma."

Mtoto mmoja alikuwa tayari na kipande mkononi. Nilikichukua. Dada yake Mzee, Warigia, aliyekuja kutoka Nakuru anakofundisha, alikuwa wa kwanza kusimama. Alipita akikusanya sahani bila kuuliza swali.

"Dawa gani?" Mama Janice akasema.

"Ya mbu."

"Jana? Wewe jana hukuwa hapa."

"Nilipita jioni."

Mukhwana alikuwa amesimama karibu na ukuta. Jana jioni alikuwa hapo mpaka giza, na anajua hakuna mtu aliyepita. Nilimwona akifungua mdomo. Akaufunga.

Mzee Wachira alikuja karibu sana nami. Hakupiga kelele. "Mama yangu angekula kwanza," akasema. "Ndiye angekula kwanza, kwa sababu ni mkubwa. Unaelewa?"

"Ndiyo, Mzee."

"Unaelewa mbele ya watu hawa wote umefanya nini?"

"Ndiyo, Mzee."

Shosho hakusogea mahali alipokaa. Uso wake ulikuwa umeelekezwa upande wangu, lakini najua hakuona wangu. Warigia alinifungulia geti, akaniuliza kama kuna mtu wa kunifikisha nyumbani. Nikasema yupo. Hakuwepo. Nilitembea mpaka rinda likaloa.

Jumatatu, 16 Juni

Nilikwenda dukani, kwa sababu hakuna aliyeniambia nisiende. Mzee alikuwa peke yake. Alisema hataweza kunitazama kila siku akiwaza sufuria ile. Akasema nimemwaibisha mama yake, ambaye tangu siku ile hali chakula vizuri. Sauti yake ilitetemeka aliposema mama. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia na haikuwezekana. Neno moja tu lingenirudishia kazi. Lilikuwa hapa, chini ya ulimi. Nikarudisha funguo za stoo.

Jumanne, 17 Juni

Sikutoka.

Jumatano, 18 Juni

Mukhwana alikuja. Alikaa mlangoni, akakataa chai, kisha akaikubali.

"Daktari wa majani," akasema. Maneno yalitoka mazito kidogo. "Ile sufuria niliambiwa nikaizike. Nikachukua kipande, nikakigusa na ulimi. Kugusa tu. Mpaka jioni nilikuwa naongea kama mtu amemeza soksi."

"Mbona ulifanya hivyo?"

"Nilitaka kujua kama ni dawa ya mbu. Si dawa ya mbu." Akanywa chai. "Na yule mama haoni. Nilijua siku ya kamba. Sikutaka kukuuliza, ungeanza kulia."

Ameniambia Shosho amekwenda. Alisema hatakaa nyumba ambayo watu wanamwaga dawa kwenye chakula, akakataa kula mpaka Mzee akamrudisha Kangema jana. Mzee alishindwa. Mama Janice ameng'oa masikio ya tembo yote na nduma zote, akabakisha mayungiyungi na mafunjo. Kisha alimwambia Mukhwana, "Yule msichana simwelewi. Aliyekataa gugumaji hawezi kumwaga dawa." Nimekuwa nikimwogopa mwanamke huyo tangu Aprili, na ndiye pekee katika nyumba ile aliyenitilia shaka kwa faida yangu.

Nilipaswa kufurahi. Shosho amepata alichotaka, na ahadi iko nzima.

Jumamosi, 21 Juni

Mvua kubwa nchi nzima, redio inasema. Mito imejaa kule Murang'a.

Jumapili, 22 Juni

Shosho alipiga simu. Sijui nani alimbonyezea nambari.

"Watu wa kuku," akasema.

"Mtu wa nduma," nikasema.

Alicheka. Akasema amefika, amewasha jiko mwenyewe, na asubuhi ameshuka mtoni peke yake akakata nduma, na hizi ni nduma kweli, hakuna tembo. Akasema hatasahau.

"Mto si umejaa, Shosho?"

"Umejaa. Nausikia."

"Ulivukaje?"

"Miguu inajua mawe."

Tulicheka tena. Baada ya kukata simu nilikaa kitandani, na mara hofu ile ikarudi, ile ya sufuria, lakini sasa hakuna hema, hakuna watu wa kunyang'anywa sahani. Niliwaokoa wageni kwa uongo, na uongo huo huo ndio umemrudisha mwanamke asiyeona kwenye moto na mto, peke yake, ndani ya mvua. Mzee aliogopa jambo la kweli. Mimi ndiye niliyemfanya aonekane ameogopa bure.

Jumatatu, 23 Juni

Leo niliingia kwenye kliniki moja ya macho mjini, nikauliza kama anayemuulizia nyanya yake. Muuguzi alisikiliza, akasema huenda ni mtoto wa jicho, ingawa hawezi kusema bila kumwona. Kama ndivyo, hutolewa, na watu wengi hurudi kuona. Akasema asicheleweshwe. Nilitoka nje nikasimama mahali mvua inaponyesha.

Niliahidi kutomwambia mwanawe wa kiume. Najua kwamba kumwambia binti yake ni kuivunja ahadi ile ile kwa mlango wa nyuma, na sitajidanganya. Naivunja. Lakini naivunja mbele ya mtu aliyekusanya sahani kwanza na hakuuliza.

Dada Warigia, Mukhwana anasema utapita Kiplombe Jumamosi hii kuchukua vitu vya mama vilivyobaki. Atakupa kurasa hizi getini, ndani ya mfuko wa mbegu. Atakuambia usizifungue mle ndani.

Usinitafute dukani, na usimtumie mtu wa dukani. Njoo Langas. Ukishuka, uliza kibanda cha Selpha anayepika chapati, kila mtu anakijua. Mwambie unamtaka Nanzala wa ghorofa ya nyuma, usitaje Wachira wala Kiplombe. Nipo kila siku asubuhi. Mchana huwa natembea ofisi hadi ofisi nikitafuta kazi, na jioni narudi. Nambari yangu iko chini ya ukurasa huu. Ukipiga ukasikia imezimwa, ni stima imekatika na chaji imeisha, piga tena baada ya saa moja. Ujumbe mfupi usiandike.

Nikikuona nitakuja nawe Kangema siku hiyo hiyo. Nitakaa naye kliniki usiku wa kwanza ikiwa wewe una darasa. Kuhusu kumwambia kaka yako mtaamua ninyi wawili, mama na wewe, mimi si wa kuamua.

Usimfiche mama kwamba ni mimi niliyesema. Atakasirika sana. Mpe simu, mbonyezee nambari yangu, umwache anigombeze mpaka amalize. Nitapokea.